Kwa Nini Tunagonga Kigoda Mara Mbili

Jana binti mmoja wa hapa karakana, simtaji maana atajijua, aliniuliza mimi bibi yenu huku ameshikilia mti juu ya makaa: "Jajja, hiki kigoda tunakigongea nini? Tunaita mizimu?" Wenzake wakacheka. Mimi pia nikacheka, kisha nikatoka nje nikakaa juani, nikafumba macho, na moshi ukanifuata. Sikumjibu. Leo nawajibu wote, ila mnivumilie, kwa sababu nikianza kukumbuka huwa napotea njiani, nakaa huko muda, halafu narudi.

Mnajua tunavyofanya. Wawili wameshika ufito wa upinde juu ya makaa, mmoja kulia, mmoja kushoto. Upande wa chini ukishaiva, mkubwa wa kazi hasemi kitu. Anagonga kigoda alichokalia, ko, ko, na wote wawili wanageuza kwa pamoja. Nimewafundisha hivyo, nanyi mtawafundisha wengine hivyo. Zamani hatukuwa tunagonga. Zamani kulikuwa na neno.

Tuanze na makaa kwanza, maana nanyi mna haraka zenu. Nimewaona na ile draya ya saluni. Msinifiche, nimeona waya. Sikatai, inapasha. Lakini inapasha ngozi tu, na mti unapinda kwa moyo. Makaa yawe mekundu bila ulimi wa moto, mti ukae juu yake kiganja kimoja hivi, umepakwa mafuta, na uwe na muda. Mwanzoni utanusa majani mabichi. Baadaye utanusa kama nguo iliyopigwa pasi. Mwishoni kabisa, kwa pumzi mbili tatu tu, utanusa karanga za kukaanga. Hapo hapo ndipo unageuza. Ukisubiri pumzi ya nne umechoma, na mti uliochomwa hausamehi.

Aliyenifundisha kunusa hivyo ni Mzee Kasereka, Mkongo wa upande wa Beni. Alivuka mpaka akikimbia vita vya kwao, na alichovuka nacho ni kofia na tezo. Kwao alikuwa anawatengenezea wawindaji pinde. Hapa Kampala hakukuwa na wa kuwinda, kwa hiyo akawa anawatengenezea wacheza ngoma. Karakana yake ilikuwa Kansanga, nyuma ya baa ya Nnalongo, mama mmoja Mganda mwenye mapacha na sauti ya kuita watu ng'ambo ya ziwa. Kati ya baa na karakana palikuwa na uzio wa matete tu. Sisi tulisikia walevi, na walevi walitusikia sisi. Ukumbukeni huo uzio.

Mimi nilikuwa mke wa koplo wa polisi, tunaishi kota, watu wa kaskazini kama jirani zetu wengi. Mtoto wangu wa kwanza aliitwa Leti, kwa hiyo mimi ni Mama Leti. Siku ya kwanza nilienda kwa Mzee kuchongewa mwiko. Nikamkuta amechuchumaa, anazungusha fimbo juu ya moto taratibu, midomo inacheza kama anaongea na mtu.

"Mzee, unakaanga fimbo?" nikamtania.

"Hapana, mama. Minamubembeleza," akajibu bila kuinua kichwa. "Yeye iko analala. Anaamuka polepole."

Nilisimama pale mpaka kivuli cha ukuta kikafika miguuni pangu. Mwiko nikausahau. Kesho yake nikarudi, na kesho kutwa. Mume wangu akauliza, huo mwiko ni wa kupikia jeshi zima? Jamani, siwezi kuwaeleza vizuri. Nilipoona ule mti mkavu, mgumu, unalegea magotini mwa mzee yule na kukubali, kuna kitu ndani yangu nacho kililegea. Miaka ile ya utawala wa wanajeshi kila mtu alikuwa amejikaza. Ulikuwa unatembea barabarani umebana mabega. Pale kwenye makaa ndipo peke yake niliposhusha pumzi.

Sasa sikilizeni jinsi Mzee alivyokuwa anasema, kwa sababu kila kitu kinatoka hapo. Kwa Mzee Kasereka mti haukuwa "huu". Mti ulikuwa "huyu". "Huyu amekataa." "Yule amechoka, mumuache apumuzike." Mwalimu wa Kiswahili angemchapa. Nami nikaambukizwa, mpaka nyumbani nikawa nasema "ufagio ameenda wapi," na mume wangu anatazama mlangoni kuona ni nani huyo. Na ikifika ile saa ya karanga, Mzee alikuwa anatamka neno moja, kwa sauti ya chini lakini nene: "Pindula!" Ndivyo wanavyosema kwao. Sisi tungesema pindua. Maana yake geuza tu, chini iwe juu. Sheria ilikuwa mdomo mmoja unatamka na mikono minne inatii, kwa sababu mmoja akitangulia kugeuza, mti unajinyonga na upinde unatoka na shingo ya upande.

Nilijifunza hiyo sheria kwa aibu. Mti wangu wa kwanza kuushika, mkomakoma mzuri uliokaa miezi juu ya moshi wa jiko, mimi nilikuwa naota ndoto zangu. Mzee akasema pindula, sikusikia. Akarudia, nikageuza, tumechelewa. Tulipouweka gotini ulilia pa! Kipande kikaruka kikampiga Mzee kwenye paji la uso. Akashika nundu, halafu akasema, "Huyu amenilipa yote niliyofanyaka ujanani." Tukacheka mpaka Nnalongo akachungulia juu ya uzio kuuliza tumekunywa nini.

Na mafuta! Mlijua mafuta yalikuwa ni kitu cha kutafuta siku zile? Sukari hakuna, sabuni hakuna, ya kupikia unayapata kwa magendo. Shemeji yangu alikuwa akiniletea kutoka kaskazini yale mafuta ya moyaa, meupe, yanaganda kama jibini. Nusu nilikuwa naiweka jikoni, nusu naipeleka Kansanga. Mume wangu alinung'unika kwamba nyumba inakula mboga kavu, fimbo za Mkongo zinapakwa. Ndipo nikagundua ujanja wa mvuke. Nilikuwa napika matooke, nimeyafunika kwa majani ya mgomba kama ilivyo desturi, nikajiambia, mvuke huu unaolegeza ndizi utashindwaje na ncha ya upinde? Nikachomeka ncha ndani ya sufuria chini ya majani. Ikalegea bila tone la mafuta. Mzee alinusa ule mti, akanusa tena, akasema, "Mama Leti, huyu ameshiba." Hiyo njia mnayoitumia leo kwenye ncha ilitoka kwenye sufuria yangu. Familia yangu ilikula matooke yenye ladha ya fimbo kwa miaka, na hakuna aliyekufa.

Basi. Ukaja mwaka ambao wageni wakubwa kutoka nchi nyingi walikuwa wanakuja Kampala, na kila kikundi cha ngoma kiliamriwa kijiandae. Kikundi kimoja kikataka upinde wa kiongozi wao, mrefu kuliko mtu, uonekane kutoka mbali. Mzee akachagua mkomakoma mmoja mnene tuliokuwa tumeuhifadhi siku nyingi. Tukaukwangua kwa vigae vya chupa za bia za Nnalongo hadi ukawa laini kama shavu. Tuliuita "yule mkubwa". Hatukuwa na jina lingine.

Mchana mmoja nilikuwa natoka kurudi kota. Redio ya baa ilikuwa inapiga kelele, nami nikiwa mlangoni nikauliza kwa sauti kubwa, mimi mwenyewe, kwa kinywa hiki: "Mzee! Kesho ni nini?"

Naye akajibu kwa sauti kubwa vilevile ili nimsikie: "Kesho asubuhi tunamupindula yule mukubwa! Weye utashika kuume, mimi kushoto. Akikataa, tunamupasha moto mpaka alegee!"

"Sawa, Mzee!" nikapiga kelele, nikaenda zangu nikiimba.

Mnacheka. Chekeni, mmezaliwa juzi. Siku zile neno la kupindua lilikuwa na maana moja tu, na mkubwa nchi nzima alikuwa mmoja tu.

Asubuhi nilipofika Kansanga, Nnalongo alikuwa amesimama kando ya njia, kitambaa cha kichwa mkononi. "Mama Leti, banange! Wamemchukua Mzee! Usipite kalibu na karakana, na wewe wanakutafuta." Akaniambia kulikuwa na mtu wa miwani myeusi amekaa jana kwenye kona ya uzio na chupa moja, hainywi, haimalizi. Alfajiri gari likaja. "Wanasema Mzee anataka kupindua serikari. Mzee huyu! Kweri mzee wa fimbo?" Alikuwa analia. "Wamempeleka Makindye."

Makindye kwenye kambi. Wakati ule mtu akisema "amepelekwa Makindye," aliyesikia alikuwa anashusha macho, hamwulizi atarudi lini.

Nikarudi kota. Mume wangu alisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia yake ya polisi akaiweka mezani. "Mimi ni koplo," akasema. "Askari wa pale hawanijui wala hawataki kunijua. Ukienda, nitabaki na watoto peke yangu." Niliogopa, nawaambia ukweli. Lakini ni mimi niliyeuliza. Mzee angejibu kwa sauti kubwa kama mimi nisingeuliza kwa sauti kubwa? Nikamwambia mume wangu, kama Mzee atafia neno langu, mimi hapa nyumbani nitakuwa nimebaki kufanya nini? Alichukua chupa yetu ya moyaa jikoni, akanipa yote.

Nikarudi Kansanga, nikaingia karakana, nikamchukua yule mkubwa. Nikamfunga kwenye kitenge, nikapanda naye kilima cha Makindye saa ya jua kali. Sikumbuki njia. Nakumbuka tu kwamba kila kitu kilikuwa kimya na cheupe, na mti ulikuwa mzito begani, na nilikuwa namwambia kimoyomoyo, leo usikatae, leo usikatae.

Askari wa lango akanipeleka kwa Kapteni wa kambi, alikuwa amekaa kwenye baraza, mtu mnene, anakula karanga kwenye karatasi. Akanitazama, akachukua karatasi nyingine akasoma polepole, kila neno peke yake: kesho tunapindua mkubwa, wewe kulia, mimi kushoto, akikataa tunapasha yeye moto. "Hii maneno nani nasema?"

"Ni sisi, afande. Mzee na mimi. Na yule mkubwa ndiye huyu." Nikafungua kitenge.

Askari mmoja aliguna, mwingine akaanza kucheka. Kapteni akainua kidole, kimya. Nikamweleza makaa, mafuta, kugeuza. Nilipofikia lile neno akakatiza: "Hapana taja hiyo neno hapa! Hapa hakuna mutu nataja." Akatafuna karanga, anautazama mti. Akasema, "Wewe nasema mti napinda na moto. Kuja onyesha mimi. Kama napinda, muzee yako naenda nyumbani. Kama navunjika, wewe na yeye nabaki hapa."

Wakamleta Mzee. Hana viatu, shati limechanika, jicho moja limevimba limefumba. Aliponiona alitikisa kichwa, kama kusema mama, umekuja kufanya nini huku. Jikoni kwa askari kulikuwa na makaa mengi. Tukachuchumaa, yeye kushoto, mimi kulia, tukampaka mafuta yule mkubwa wote wawili. Vidole vya Mzee vilikuwa vinatetemeka, lakini vilipogusa mti vikatulia. Hilo nililiona na sijalisahau.

Ukaanza ule utulivu wa makaa. Mnaujua, mnajua jinsi saa inavyolegea. Nilinusa majani. Nikanusa pasi. Kwa muda, Mungu anisamehe, nilisahau tulipo. Halafu nikashtuka: nanusa karanga. Lakini karanga zipi? Kapteni alikuwa amesogea nyuma yetu na karatasi yake, anatafuna, na pumzi yake yote ni karanga! Nikamtazama Mzee. Mzee ananitazama kwa jicho moja, naye hajui. Na hata angejua, aseme nini? Neno lenyewe ndilo lililomleta pale.

"Afande," nikasema, "naomba karanga zikae mbali kidogo."

Askari wote wakaganda. Kapteni akatazama mkono wake, akatazama makaa. Akampa askari ile karatasi, akapiga goti kando yetu, akainamisha pua juu ya mti kabisa. Baadaye nilifikiri sana kuhusu pua ile. Haikuwa pua ya mtu anayejifunza. Mtu yule alikuwa ameketi kwenye makaa kama yale utotoni, na baba yake au babu yake. Alifumba macho. Uso wote ukawa wa mtu mwingine. Moshi mwembamba ukaanza kutoka chini ya mti, Mzee amebana midomo, mimi nimebana midomo, na pumzi ya tatu inapita.

"Pindua!" Kapteni akapiga kelele. "Pindua, naungua! Pindua!"

Mikono minne ikageuza mara moja.

Kisha pakawa kimya, kimya mpaka nikasikia mafuta yanachuruzika kwenye makaa. Askari kila mmoja alikuwa anatazama viatu vyake. Kapteni bado amepiga goti, jasho linamtoka. Aligeuza kichwa polepole, akawatazama mmoja mmoja. "Mti," akasema. "Mimi nasema mti."

"Ndiyo, afande," Mzee Kasereka akasema taratibu. "Na sisi tulisema mti."

Tulisubiri upande wa pili uive, tukamweka yule mkubwa gotini kwa Mzee, naye akakubali. Hakulia hata kidogo. Tukamshikilia mpaka akapoa, muda mrefu sana, na Kapteni hakuondoka. Mwishoni akauchukua upinde, akauvuta hewani bila kamba, akaondoka nao. Hakutuaga wala hakuomba radhi. Askari wa lango akatuonyesha kwa kidevu tutoke. Tulishuka kilima Mzee ameegemea bega langu lile lile lililobeba mti, mpaka tukamwona Nnalongo anakuja mbio, khanga inaburuzika.

Kikundi kilihitaji upinde mwingine, basi baada ya wiki tukaketi tena kwenye makaa. Ilipofika saa ya karanga nilisubiri neno. Halikuja. Nikamtazama Mzee, anatazama uzio wa matete. Kisha akagonga kigoda kwa kifundo cha kidole, ko, ko. Nikageuza. Ndivyo ilivyokuwa siku hiyo na siku zote zilizofuata. Hatukuwahi kuliongelea.

Halafu ikaja ile siku serikali ile ilipoanguka kweli. Kansanga yote ilikuwa nje, watu wanakumbatiana, redio ya Nnalongo imewekwa juu ya meza njiani, na lile neno liko kwenye midomo ya kila mtu, hata watoto. Nilikimbia mpaka karakana. Mzee alikuwa peke yake, anapasha ufito mdogo kama hakuna kinachoendelea. "Mzee, wamekwenda! Wamekwenda kabisa! Sasa sema!" Nikaketi, nikashika kulia. Alitabasamu. Makaa yakatulia, karanga zikanukia, akafungua mdomo, nikaona kabisa neno linakuja. Akatazama uzio. Hapakuwa na mtu. Akafunga mdomo, akagonga kigoda mara mbili, na machozi yanamtoka. Tukageuza.

Alizikwa hapa hapa Kampala, mbali na Beni, na hakulitamka tena.

Haya, binti, hilo ndilo jibu lako. Hatuiti mizimu. Kesho tuna ule mkomakoma mnene wa kikundi cha ngoma. Mimi nitashika kulia, wewe utashika kushoto, na tukinusa karanga usiguse kigoda. Litamke wewe, kwa sauti, wasikie mpaka wanaopita barabarani. Usinisubiri mimi. Leo asubuhi kabla hamjafika nimejaribu peke yangu, juu ya makaa matupu, hakuna mti, hakuna mtu. Nimefungua mdomo kabisa. Mkono umeniwahi, ko, ko.